Bi Mize Alivyokiposea Chuo

Wageni wakija kwenye tawi letu la chuo kikuu, hapa nje kidogo ya Chake Chake, huuliza idara ya Taaluma za Wanawake ilianzaje hata ikafika wanafunzi mia na arubaini. Wakubwa huwapeleka ukumbini kuwaonesha picha za uzinduzi: watu wa tai wameshika mkasi, na utepe mbele yao. Mimi huwasubiri watoke, kisha nikawapeleka jikoni. Wengine huona nawadharau. Shauri yao. Aliyeiokoa idara hiyo yumo jikoni anaosha vikombe, na wasipomwamkia vizuri hawapati chai.

Jina lake Mize binti Jaribu, mwenyeji wa Vitongoji. Alizaliwa mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, akasoma mpaka darasa la sita, akaolewa akiwa na miaka kumi na sita. Mumewe, Hamad, Mungu amrehemu, alimwachia watoto wawili wa kike na nyumba ya makuti yenye mlango mzuri kuliko nyumba yenyewe. Chuo kilipofunguliwa akaajiriwa kuwa mhudumu: kufagia, kupika chai, kushika funguo. Ni mwanamke mfupi, mwembamba, na sauti yake ingemtosha mtu wa mara mbili yake. Hasira zake ziko karibu, na huruma zake ziko karibu zaidi. Nampenda kama ninavyompenda mama yangu, ingawa mama yangu hajapata kunipiga kwa ufagio.

Mimi ni Mwatima, wa Kiuyu, mmoja katika wanafunzi watatu wa mwanzo. Watatu, hatukuzidi. Chuo hakikuwa na chumba cha kutupa, kikatupa stoo iliyokuwa ikiwekwa mbolea, na neno STOO likabaki mlangoni miaka miwili kwa sababu rangi ya kulifuta haikufika. Harufu ya mbolea nayo ilibaki. Wanafunzi wanaume walikuwa wakipita dirishani wakituuliza, "Nyie mwasomea kuwa wanawake? Kwani hamjawa bado?" Mwalimu wetu, Moza, mwanamke mpole aliyekuja kutoka Unguja na makasha mawili ya vitabu, alituambia tusiwajibu, nasi tukanyamaza. Aliyewajibu ni Bi Mize, na majibu yake siwezi kuyaandika hapa.

Bi Mize alikuwa akifagia mlangoni petu. Darasa likianza saa mbili, ufagio uko mlangoni. Likimalizika saa nne, ufagio uko palepale, na saruji ya mahali pale hadi leo ina shimo. Siku moja Mwalimu Moza alikuwa akieleza kwamba kazi za nyumbani anazofanya mwanamke hazihesabiwi kuwa ni kazi. Ufagio ukasimama.

"Mwalimu," akasema Bi Mize, "hayo yameandikwa kitabuni?"

"Yameandikwa, Bi Mize."

"Na aliyeandika kalipwa?"

"Nadhani kalipwa."

"Haya," akasema, akaendelea kufagia. "Mie nimeyajua bure tokea utotoni."

Muhula wa pili tulitumwa Vitongoji na madodoso tukawahoji wanawake juu ya maisha yao. Tulikwenda na mabuibui mapya na kalamu mbilimbili, tukarudi na karatasi zilizojaa "ndiyo", "hapana" na "Mungu ndiye ajuaye". Nililia kwa hasira. Bi Mize alizichukua zile karatasi, akazisoma moja moja, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mlikwenda na nini mikononi?" akatuuliza.

"Kalamu."

"Ndiyo maana. Mwanamke wa kuno humuoni kakaa bure, mkono wake uko kwenye ukili. Sasa weye wenda kukaa mbele ya mtu anayesuka, mikono yako mitupu, wamkodolea macho tu. Anayekaa hivo ni mgeni au karani wa serikali, na wote wawili hawambiwi neno."

Ukili ni ule utepe wa miyaa, majani ya mkindu, unaosukwa kwanza, kisha ukashonwa kuwa mkeka au mkoba. Nyumbani Kiuyu mama yangu alisuka maisha yake yote, na mimi kwa kujiona msomi nilikataa kujifunza. Bi Mize akatukalisha kwenye ngazi za jikoni wiki mbili, kila siku baada ya masomo, pamoja na binti yake mdogo, Mwanawema, aliyekuwa akija kila mchana kumletea mama yake chakula. Mwanawema alikuwa na miaka kumi na tisa, kamaliza kidato cha sita, msichana wa maneno machache na vidole vyepesi. Ukili wangu ulikwenda upande kila siku, naye kila siku akaufumua bila ya kunicheka, akanianzishia upya. Tuliporudi Vitongoji na miyaa mapajani, wanawake walizungumza mpaka adhana ya alasiri, wino ukanimalizikia. Tangu hapo ni kanuni ya idara yetu: mwanafunzi asiyejua kusuka ukili hapewi dodoso.

Basi tukaenda hivyo, watatu mwaka wa kwanza, watano wa pili. Mwaka wa tatu ikaja barua kutoka makao makuu. Kundi jipya lisipofika wanafunzi kumi na watano ifikapo Jumatatu ya mwisho ya usajili, saa tisa mchana, idara itafungwa. Mwalimu Moza atarejeshwa Unguja, na sisi tutatawanywa kwenye masomo mengine. Tulikuwa na wiki tatu, na walioomba walikuwa tisa.

Mwalimu Moza akasema tubandike matangazo sokoni na kwenye vituo vya gari. Bi Mize alikuwa akitumiminia chai. Akaliweka birika chini.

"Tangazo? Mtoto wa mtu huchukuliwa kwa tangazo? Mtoto wa mtu huposwa."

Tulidhani anafanya mzaha, kumbe hana hata chembe. Wasichana waliofaulu wakabaki majumbani walikuwapo tele, kutoka Vitongoji mpaka Shumba, na Bi Mize alizijua nyumba zao kama anavyovijua vikombe vyake. Akachagua nyumba nane. Akamwendea mkuu wa tawi, Dakta Khatib, akamtaka barua nane za kuomba watoto, kila moja na saini yake, na jina lake juu ya bahasha kama ada ya barua ya heshima. Dakta Khatib alikuwa na mikutano, akatia saini bila ya kuuliza sana. Kisha Bi Mize akanunua kitambaa cheupe, akakikata vipande vinane, akampa Mwanawema avidarizi pembeni, kwa sababu barua ya posa haiendi uchi, huenda imefungwa kwenye kitambaa kilichodariziwa, na tambuu ya kutafuna pembeni yake.

Mwanawema alividarizi kwa siku nne, amekaa kwenye ngazi za jikoni. Vitambaa vinane vya kuwaposea wenziwe. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, nasoma sura nzima juu ya wanawake wanaosahauliwa, na sikuona kitu. Nikikumbuka natamani kujipiga kofi.

Nyumba ya mwanzo ilikuwa Shumba, kwa Mzee Kificho, mkulima wa muhogo mwenye binti aitwaye Duni. Tulikwenda watatu, Bi Mize mbele, Mwalimu Moza na mimi nyuma. Njiani Bi Mize alitupa amri. "Mwalimu, weye usiseme. Posa haina hutuba." Tukakaribishwa, tukakaa mkekani. Bi Mize akasogeza sinia dogo lenye kile kitambaa, barua na tambuu.

"Tuna haja na mtoto wenu Duni," akasema. "Haja yetu imo humo ndani. Wazee wakikaa, tutakuja kusikia jawabu."

Mzee Kificho akalipokea sinia kwa mikono miwili, akashukuru. Tukanywa kahawa, tukaondoka. Nyumba zote nane tulifanya hivyohivyo, neno kwa neno, na mimi nikawa narudi nimefurahi kwa namna tulivyoheshimiwa.

Tulichosahau ni kitu ambacho kila Mpemba anakijua. Barua ya posa haifunguliwi siku ile. Hungojewa ami na wajomba wakusanyike, na ami na wajomba hukusanyika Ijumaa baada ya sala. Sisi tulimaliza mzunguko wetu Jumatatu. Siku nne nzima barua zikakaa kwenye vitambaa vyake, hazijaguswa, na kitu pekee kilichosomeka kwa nje ni jina la mposaji: Dakta Khatib.

Jumatano Pemba nzima ilikuwa na habari. Dakta Khatib alikuwa mwanamume mwenye haya, wa miaka hamsini na minane, mwenye maradhi ya sukari na mke mmoja Unguja anayemtia hofu. Adhuhuri alikwenda kusali, mtu asiyemjua akamshika bega nje ya msikiti na kumwambia, "Dakta, sheria imekupa wanne. Weye wataka wanane kwa mpigo?" Hakuelewa. Alielewa aliporudi afisini na kukuta mkewe kampigia simu mara tatu.

Akamwita Bi Mize. Sisi tukaja kusimama mlangoni kusikiliza, safari hii ni zamu yetu ya kufagia.

"Bi Mize, umenifanya nini?"

"Nimekuposea, Dakta."

"Mimi?"

"Chuo. Lakini chuo hakina mkono wa kutia saini, kimetumia wako."

"Si ungewaambia kwa mdomo kwamba ni chuo!"

"Dakta," akasema Bi Mize kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, "haja ya posa ikishasemwa kwa mdomo, barua ya nini?"

Dakta Khatib alitaka kupeleka gari ya afisi ikazikusanye barua zote siku ileile. Mwalimu Moza alimbembeleza avumilie siku mbili. Akavumilia, lakini Ijumaa hakutoka kwenda kusali mjini, alisali na walinzi wa chuo.

Ijumaa wazee wakakaa, barua zikafunguliwa, na Jumamosi tukazunguka kusikia majawabu. Nyumba tatu zilikataa, moja yao kwa maneno makali hata hatukuingojea kahawa. Tano zilikubali. Mimi naamini lile kosa lilitusaidia. Mzazi aliyekaa siku zote zile akiutuliza moyo wake ampe binti yake mzee mwenye sukari, alipofungua bahasha na kukuta chuo, alipumua.

Mzee Kificho alikuwa akifuta machozi ya kicheko tulipoingia. "Nshaipokea posa mbele ya watu," akasema, "na mie sirudishi posa. Lakini mahari yake je?"

Bi Mize alikuwa kajitayarisha. "Mahari yake, kila Alkhamisi mtoto arudi nyumbani akusomee alichosomeshwa wiki nzima. Ukikiona cha upuuzi, mzuie."

"Hayo mahari mazuri," akasema Mzee Kificho, akamwita Duni. Duni akaja, akakaa, macho kwenye mkeka, kimya. Baba yake akatabasamu. "Kimya chake ndiyo ridhaa yake."

"La, mzee," Bi Mize akainua mkono. "Kwa mume mwali hunyamaza, tukajua karidhia. Kwa chuo hatukubali kimya. Aseme mwenyewe, kwa mdomo wake."

Sharti hilo aliliweka katika kila nyumba iliyokubali, na hakulilegeza hata katika moja. Duni akainua uso, akasema, "Nataka," kwa sauti iliyomshtua baba yake.

Jumapili asubuhi tulikuwa na kumi na wanne. Afisi ilifunguliwa kwa ajili ya usajili, sisi tumekaa tunalitazama daftari kana kwamba jina la kumi na tano litaota lenyewe. Bi Mize hakuwapo, ilikuwa siku yake ya mapumziko. Ndipo Mzee Kificho akaingia na Duni, kamleta kuandikishwa, na kitambaa chetu kakikunja vizuri mfukoni kwa kuturejeshea. Duni alijaza fomu, akatazama huku na huku.

"Mwanawema keshaandikishwa?" akauliza.

"Mwanawema yupi?" nikauliza mimi, kwa ujinga.

"Wa Vitongoji. Tulikaa kambi moja ya mtihani. Ndiye aliyekuwa akitufahamisha hesabu, na matokeo yalipotoka alitushinda sote."

Mzee Kificho akauliza huyo ni mtoto wa nani. Nilikuwa nimemwona msichana huyo kila mchana kwa miaka miwili, anapanda ngazi na bakuli la mama yake, anashuka nalo tupu, anafumua makosa yangu. Sikupata hata siku moja kumuuliza alipasi vipi.

"Wa Bi Mize," akasema Mwalimu Moza mwishowe.

"Huyu Bi Mize aliyekuja kuniposea wangu?" Mzee Kificho akatutazama mmoja mmoja. "Na wake yuko nyumbani?"

Mwalimu Moza akatueleza anachokijua. Alipata kumgusia Bi Mize mara moja, akajibiwa, "Mwanawema hapendi skuli, yeye mtu wa nyumbani," na kwa siku tatu baada ya hapo chai yake ikawa inakuja baridi. Sababu haikuwa Mwanawema. Sababu ilikuwa Mwanapili, dada yake. Mwanapili alikwenda Unguja kusomea ualimu, kwa ahadi ya miaka miwili. Ulikuwa mwaka wa nane sasa. Kaolewa hukohuko, kazaa watoto watatu, na Bi Mize kawaona kwa macho yake mara moja tu. Masomo yalishamchukulia mtoto mmoja, na huyu wa pili alikuwa kamkumbatia.

Nilimkasirikia Bi Mize, nakiri. Nilijikasirikia na mimi. Na juu ya yote nilimwonea huruma, maana kila nyumba aliyoingia siku zile alikuwa akiwaambia wazazi wasiogope, huku mwenyewe anaogopa kuliko wote.

Mzee Kificho alikitoa kile kitambaa mfukoni, akakitandaza mezani. "Andikeni barua," akasema.

Tukaiandika. Dakta Khatib alipoletewa aliisoma mara mbili safari hii, akashusha pumzi. "Wa tisa," akasema, akatia saini.

Tulifika Vitongoji baada ya alasiri, Mzee Kificho, Duni, Mwalimu Moza na mimi. Bi Mize alikuwa amekaa kibarazani anasuka. Alipotuona uso ukamkunjuka, "Karibuni, karibuni jamani, kumi na tano katimia?" Kisha akaliona sinia mkononi mwangu.

Nilikaa, nikalisogeza mbele yake. "Tuna haja na mtoto wenu Mwanawema. Haja yetu imo humo ndani."

"Kitambaa changu hicho," akasema Bi Mize taratibu. "Na maneno yangu hayo."

"Kinyozi hajinyoi, Bi Mize," akasema Mzee Kificho. "Tumekuja kukunyoa."

Bi Mize hakucheka. Vidole viliendelea na ukili, lakini nilimwona anavyokosea, yeye aliyeweza kusuka amefumba macho. "Mwanawema hataki. Nshamwambia mwalimu zamani."

"Sharti lako ni aulizwe."

"Mtoto wangu namjua mie."

"Na mie wangu nikimjua," akasema Mzee Kificho. "Mpaka uliponambia nimuulize."

Bi Mize akageukia mlango, akaita. Mwanawema akatoka uani, mikono ina chicha za nazi, akatuona, akaliona sinia, akakijua kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Akakaa karibu na mlango, akainamisha kichwa.

"Hawa wamekuja kukuposea chuo," mama yake akamwambia.

Mwanawema hakujibu. Alitazama mkeka. Kuku akapita, akadonoa chicha iliyodondoka, na hakuna aliyemfukuza.

Bi Mize angeweza kuyamaliza palepale. Kwa sharti lake mwenyewe, kwa chuo kimya si ridhaa. Angesema mmeona, mtoto hakujibu, akatutia kahawa tukaenda zetu, na kesho yake saa tisa idara yetu ingefungwa, na Mwanawema angebaki naye siku zote. Niliona anavyotaka kulisema. Kisha akaushusha ukili chini, pembeni yake. Miaka yote niliyomjua sikupata kumwona amekaa mbele ya watu mikono mitupu.

"Mwanawema. Nitazame mie, usitazame mkeka. Wataka?"

"Nataka, mama."

"Tokea lini?"

"Tokea siku yalipotoka matokeo."

"Hino miaka miwili! Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayejibu tu alichoulizwa. Bi Mize alikuwa ameingia nyumba nane za watu, na wazee waliokubali akawainulia mkono na kuwaambia mtoto aulizwe. Akajifunika uso kwa mtandio, akalia mbele yetu sote, bila ya kuona haya.

"Naogopa," akasema ndani ya mtandio. "Mwanapili nae alinambia miaka miwili."

Mwanawema akasogea kwa magoti mpaka kwa mama yake, akaushika mkono wake na chicha zake zote. "Mama, chuo ni pale pale ninapokuletea chakula. Kila siku naja, kila siku narudi."

Mwalimu Moza alikuwa analia, mimi nalia, na Duni kaanza kwa kutufuata tu. Mzee Kificho peke yake ndiye aliyeushikilia uso, na hata yeye alikuwa akitafuna tambuu ya posa ambayo haikuwa yake. Bi Mize alijifuta, akaliangalia sinia, akakivuta kitambaa kwake na kukitia mapajani.

"Na mahari yangu?" akauliza.

"Alkhamisi," nikamjibu. "Kila Alkhamisi akusomee."

"Alkhamisi wapeni watu wa Shumba. Mie nalala nae nyumba moja. N'taka kila siku."

Tukampa. Jumatatu, saa sita na nusu mchana, fomu ya kumi na tano ikapigwa muhuri, na Mwalimu Moza akaipeleka mwenyewe kwa Dakta Khatib akikimbia kwenye ukumbi kama mtoto wa skuli.

Wiki ya pili yake masomo yakaanza, palepale stoo, kwa mabenchi ya kuazima, wengine wamekaa juu ya makasha ya vitabu. Mwanawema alikuja na bakuli la chakula kama siku zote. Aliliweka jikoni, akalifunika, na badala ya kukaa kwenye ngazi akaja darasani, akakaa benchi la mbele karibu na Duni. Mlangoni ufagio ukaanza kufagia. Mwalimu Moza akafungua daftari, akaita majina moja baada ya jingine, nasi wanafunzi wa zamani tumesimama nyuma tunawahesabu kwa vidole, bado hatuamini.

"Mwanawema Hamad."

"Yupo!" ikapiga sauti mlangoni.

Darasa zima likageuka. Mwalimu Moza akashusha miwani.

"Bi Mize," akasema, "sharti ni lako. Aseme mwenyewe."

Bi Mize akauziba mdomo wake kwa ncha ya mtandio, ufagio kwapani. Mwanawema akasimama. Akamtazama mama yake kwanza, kisha mwalimu.

"Nipo," akasema.